Kazi ya Utafiti Mpakani: Watafiti wa Magonjwa kutoka Sukulu hadi Alupe

Katika maabara kadhaa za Ulaya kuna vimelea vya malale vilivyogandishwa vinavyoitwa EATRO 1125. Vilitolewa katika damu ya pongo nchini Uganda mwaka 1966, vikahifadhiwa kwenye baridi kali, vikasafirishwa, vikazalishwa upya mara nyingi, na hadi leo mwanafunzi wa uzamivu wa Ulaya anaweza kuandika tasnifu nzima juu yake bila kujiuliza herufi hizo zinasimamia nini. Zinasimamia Shirika la Utafiti wa Malale la Afrika Mashariki, lililokuwa na maabara zake Sukulu, nje kidogo ya mji wa Tororo. Shirika lenyewe lilikufa mwaka 1977. Jina lake limebaki kwenye vichupa.

Safari ya kimelea hicho inajulikana, kwa sababu kila kilipohamishwa kutoka mnyama hadi mnyama au chupa hadi chupa kuna mtu aliyeandika. Safari za watu waliokitafuta hazijulikani hivyo. Nani aliingia kichakani kumtafuta pongo? Nani alikaa mbele ya hadubini? Alikuwa na cheo gani, alilipwa na nani, na Shirika lilipovunjika alikwenda wapi? Insha hii inajaribu kujibu sehemu ya maswali hayo kwa kufuata kazi za watafiti wa magonjwa katika ukanda wa Tororo na Busia. Dai langu ni kwamba katika ukanda huu njia ya mtafiti haikuamuliwa na kipaji wala shahada peke yake. Iliamuliwa na mwenye kumiliki maabara: kwanza serikali ya kikoloni, kisha Jumuiya ya nchi tatu, kisha kila nchi kivyake, na mwishowe mfadhili. Kila umiliki ulipobadilika, watu walibadilishiwa njia wakiwa katikati ya safari.

Ni vyema kuanza na mpaka wenyewe. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na neno bodaboda, ambalo sasa linasikika hadi Dar es Salaam, lilizaliwa kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu kati ya vituo vya mpaka huu. Lakini mpaka si wa kale. Hadi Aprili 1902 eneo ambalo leo ni magharibi mwa Kenya lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Ndipo Waingereza wakaamua kulihamishia katika himaya yao nyingine, Kenya ya baadaye. Miezi michache tu baada ya uamuzi huo, katikati ya mwaka 1902, madaktari watatu waliotumwa na Shirika la Kifalme la Sayansi la London walifika Entebbe kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiua watu kando ya ziwa Victoria, kuanzia Busoga na Buganda hadi Samia na Nyanza. Walikuwa George Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Christy ndiye aliyezunguka akichora ramani ya ugonjwa, na ramani yake ilipita juu ya mpaka huo mpya kana kwamba haupo. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika mlipuko ule wa mwanzo wa karne.

Kilichofuata kati ya Castellani na David Bruce kinafaa kusimuliwa, kwa kuwa ni ugomvi wa kwanza wa kazi za utafiti katika historia yetu hii. Castellani aliona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, lakini mwanzoni hakuamini kwamba ndivyo chanzo. Alikuwa akishikilia bakteria. Bruce alipowasili mwaka 1903 akaelezwa jambo hilo, akaliendeleza, na akaonyesha kwamba mbung'o ndiye msambazaji. Kwa miaka iliyofuata wawili hao na wafuasi wao walibishana nani apewe sifa. Katika ubishi wote huo hakuna aliyeuliza kuhusu wale waliokusanya mbung'o. Bruce aliomba msaada wa Katikiro Apolo Kagwa, na kwa amri iliyopita kwa machifu watu wa pwani za ziwa walikamata nzi na kuwapeleka Entebbe pamoja na maelezo ya mahali walipopatikana. Ramani ya mbung'o na ramani ya malale zilipolingana, hoja ikakamilika. Nusu ya ushahidi ilitoka mikononi mwa watu ambao hawakuwa na nafasi ya kugombea sifa.

Maabara ya Sukulu ilikuja nusu karne baadaye, wakati nchi tatu zilipowekwa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1948. Kulikuwa na sababu ya kuchagua Tororo: reli inapita hapo, mpaka uko karibu, na nyanda za Busoga, Bukedi na Nyanza zenye mbung'o zinafikika kwa gari siku hiyo hiyo. Shirika hilo, ambalo mwanzoni jina lake lilikuwa refu zaidi na kazi yake ikijumuisha kurudisha ardhi iliyotwaliwa na mbung'o, lilikuwa moja tu katika familia ya taasisi za pamoja. Utafiti wa virusi ulikuwa Entebbe, wa mifugo Muguga, wa malaria Amani kule Tanga, na wa ukoma Alupe, karibu na Busia upande wa Kenya. Kwa hiyo katika eneo dogo la Tororo na Busia kulikuwa na taasisi mbili za Afrika Mashariki nzima, moja kila upande wa mpaka.

Mkurugenzi wa Sukulu kuanzia 1957 hadi 1963 alikuwa Mskoti, W. H. R. Lumsden. Kazi yake inaonyesha vizuri njia ya mtafiti wa kikoloni ilivyokuwa. Kabla ya Tororo alikuwa Entebbe akichunguza virusi, na ni yeye na Marion Robinson walioandika juu ya mlipuko wa chikungunya katika nyanda za Wamakonde mwaka 1952 na 1953, ugonjwa ambao dunia nzima inauita kwa jina la Kimakonde. Akiwa Sukulu, yeye na wenzake, hasa M. P. Cunningham, walitengeneza njia ya kuhifadhi vimelea hai katika baridi ya barafu kavu, ili kimelea cha mwaka huu kiweze kulinganishwa na cha miaka ishirini ijayo. Ndiyo asili ya vile vichupa. Baadaye alirudi Uingereza, akafundisha Edinburgh, kisha akawa profesa London. Afrika Mashariki ilikuwa kwake ngazi ya kupandia. Silisemi kwa chuki. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya maana na ilidumu. Ila ngazi hiyo haikuwa imesimamishwa kwa ajili ya kila mtu.

Mwafrika aliyesomea udaktari Makerere katika miaka hiyo, kama John Iliffe anavyoeleza katika historia yake ya madaktari wa Afrika Mashariki, alianza kazi kama tabibu msaidizi, chini ya Mzungu, na kwa mshahara mdogo kuliko wake. Utafiti ulikuwa mbali zaidi, kwani ulidai shahada za ng'ambo na muda ambao tabibu wa wilaya hakuwa nao. Walioingia Sukulu kwa wingi waliingia kwa mlango mwingine: wakamata mbung'o, watunza panya na kondoo wa majaribio, waosha vioo, madereva, na wapimaji wa hadubini waliofundishwa kazini. Kazi ya mkamata mbung'o haikuwa ya mchezo. Alitembea njia iliyopimwa pamoja na mwenzake, akiwa na kitambaa cheusi na wavu mdogo, akisimama kila baada ya hatua kadhaa kukamata nzi waliofuata kivuli chao. Idadi aliyoirudisha jioni ndiyo iliyochorwa kwenye grafu. Baada ya miaka kumi mtu huyo alijua mahali mbung'o wanapojificha kuliko aliyeandika makala, lakini hakukuwa na cheo ambacho ujuzi huo ungempandisha.

Kulikuwa na mlango wa tatu ambao siwezi kuupita kimya. Watafiti wa Shirika hili waliendeleza majaribio yaliyoanzia Tinde, Tanganyika, mwaka 1934. Aina moja ya kimelea cha malale ilikuwa ikipitishwa kwa mbung'o na wanyama mwaka baada ya mwaka, na kila baada ya muda Waafrika walioitwa wa kujitolea waliambukizwa ili ionekane kama kimelea bado kina uwezo wa kumshika binadamu. Ripoti ya K. C. Willett na H. Fairbairn ya mwaka 1955 inahesabu miaka 18 ya majaribio hayo. Waliambukizwa, wakaugua, wakatibiwa. Neno kujitolea katika nchi ya kikoloni linahitaji kushikwa kwa tahadhari: mtu anayeishi chini ya amri ya chifu na bwana shauri anaweza kusema ndiyo kwa sababu nyingi.

Sasa tufike mwaka 1966, ambao kwangu ndio kilele cha Sukulu. Mwaka huo ilitoka makala juu ya malale ya Alego, Nyanza ya Kati, upande wa kusini wa Busia. Swali lake lilikuwa la zamani: kati ya mlipuko mmoja na mwingine, kimelea kinachomwua mtu kinajificha wapi? Mwaka 1958 R. B. Heisch na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kinaweza kukaa ndani ya pongo. Alego haikuwa na wanyamapori wengi. Ilikuwa na watu, boma, na mbung'o walioingia hadi uani. Watafiti walitoa vimelea katika damu ya ng'ombe, na aina mojawapo ilipoingizwa katika mwili wa mtu wa kujitolea, mtu huyo akapata malale. Maana yake ilikuwa kwamba hifadhi ya ugonjwa si pori. Ni zizi la mtu mwenyewe, yule ng'ombe wa mahari na wa maziwa. Udhibiti wote wa malale katika ukanda huu tangu hapo, hadi kampeni ya kutibu ng'ombe iliyoanzishwa Uganda mwaka 2006, umesimama juu ya jambo hilo.

Waandishi wa makala hiyo ni watatu: R. J. Onyango, K. van Hoeve na P. de Raadt. Jina la Mwafrika limetangulia. Miaka kumi kabla ya hapo lingekuwa jambo la kushangaza. Mwaka 1966, nchi zote tatu zikiwa huru na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikikaribia kutiwa saini, lilikuwa dalili ya mlango uliokuwa unafunguka. Mjaluo wa Kenya angeweza kufanya kazi Uganda, katika taasisi ya nchi tatu, juu ya ugonjwa wa Nyanza, na akawa mwandishi wa kwanza. Hakuhitaji kibali cha mgeni. De Raadt baadaye aliongoza kazi za malale katika Shirika la Afya Duniani, Geneva. Na yule mtu wa nne, aliyepokea kimelea cha ng'ombe mwilini mwake ili hoja ithibitike, hayumo katika orodha ya waandishi.

Alupe nako mambo yalikuwa yakienda hivyo hivyo, ingawa ukoma haukupata sifa kubwa kama malale. Makala ya mwaka 1971 juu ya miaka minne ya kutumia dapsoni kama kinga ya ukoma ina majina matatu ya watu wa Afrika Mashariki: Y. Otsyula, C. Ibworo na H. J. Chum. Chum baadaye akawa kiongozi wa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma nchini Tanzania, mpango ulioanzishwa mwaka 1977 na ambao, kwa ushirikiano na Karel Styblo, ulikuja kuwa mfano wa kutibu kifua kikuu duniani. Njia ya kutoka kituo kidogo cha Busia hadi kwenye uongozi wa taifa jingine iliwezekana kwa sababu kituo hicho kilikuwa cha wote.

Kisha Jumuiya ikavunjika. Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu za magharibi mwa Kenya ni za Uganda, akirudia ramani ya kabla ya 1902. Katikati ya 1977 nchi tatu zilishindwa kukubaliana juu ya bajeti, na Jumuiya ikafa bila mazishi. Vitabu vyetu vya shule vinazungumzia reli, ndege na posta. Sijakutana na kitabu cha shule kinachozungumzia maabara. Ndege inaweza kugawanywa: hii yenu, hii yetu. Utafiti wa miaka ishirini haugawanyiki hivyo, kwa maana thamani yake iko katika watu, wanyama, kumbukumbu na vimelea kukaa mahali pamoja. Majengo ya Sukulu yalibaki Uganda, yakawa Shirika la Utafiti wa Malale la Uganda, UTRO. Kenya ilianzisha taasisi yake, KETRI, huko Muguga, ikiwa na hospitali ya malale Alupe. Mwaka 1979 sheria ya sayansi ya Kenya ilirekebishwa ili taasisi hizi mpya zipate msingi wa kisheria, na ndipo KEMRI ilipozaliwa na kurithi kituo cha ukoma cha Alupe. Mkenya aliyekuwa Sukulu jana kama mtumishi wa Jumuiya, leo alikuwa mgeni katika nchi ya Amin. Ugawaji wa mali na madeni ulisubiri mapatano ya Mei 1984, chini ya mpatanishi wa Uswisi, Victor Umbricht. Madai ya wastaafu yaliburutwa kwa miaka mingi zaidi, hasa Tanzania, ambako wazee wa Jumuiya walijulikana kwa maandamano yao Dar es Salaam.

Ugonjwa haukungoja mapatano. Mlipuko wa malale ulianza Busoga mwaka 1976, na mwaka 1980 peke yake zaidi ya wagonjwa 8,000 walihesabiwa. Katika muongo huo ukaenea mashariki hadi Tororo, mlangoni mwa maabara yenyewe, na wagonjwa wengine walitibiwa Alupe. Sisemi kwamba Jumuiya ingebaki mlipuko usingetokea. Utawala wa Amin, vita vya 1979 na kuanguka kwa uchumi vilitosha kuuleta. Lakini ulikuja wakati taasisi iliyokuwa na ujuzi wa kuutambua mapema ilikuwa imepoteza sehemu ya watu wake na fedha zake. Fahali walipigana, na nyasi zilizoumia zilikuwa Busoga na Bukedi.

Katika magofu hayo ndipo palipofanyika kazi ninayoiheshimu kuliko zote, ya mtu aliyebaki. J. O. Okoth alikuwa mtaalamu wa wadudu wa UTRO, Tororo. Elimu ya vitabu ilisema kwamba mbung'o wa aina ya ziwani hukaa kando ya maji. Okoth alimfuata alipokuwa kweli. Katika miaka ya 1980 alionyesha kwamba mbung'o hao walikuwa wakizaana karibu na nyumba za watu, na yeye na R. Kapaata wakaonyesha kwamba walipumzika katika vichaka vya lantana na mashamba ya kahawa na migomba. Lantana ni ule mmea wa maua mekundu na manjano uliopandwa kama ua la bustani ukageuka magugu. Ukichanganya matokeo hayo na historia, picha inajikamilisha: biashara ya kahawa na pamba iliporomoka wakati wa Amin, mashamba yakaachwa, lantana ikatawala, na mbung'o wakapata makazi mapya mita chache kutoka jikoni. Siasa ya Kampala ilikuwa imeandikwa katika kichaka.

Okoth hakuishia kwenye maelezo. Mwaka 1991 alichapisha mfano wa mtego rahisi wa pazia moja, na mwaka huo huo yeye, E. K. Kirumira na Kapaata wakaandika juu ya namna ya kuwashirikisha wanakijiji katika kuwatega mbung'o. Mitego ya kisasa wakati huo ilikuja na miradi yenye fedha za Ulaya, na ilifanya kazi nzuri. Mradi ulipoondoka, vitambaa vilichanika na hakuna aliyevibadilisha. Mtafiti anayeishi Tororo anaiona mitego iliyochanika akienda kazini.

Kizazi kilichofuata cha Tororo kilipata njia tofauti. UTRO iligeuka kuwa Taasisi ya Utafiti wa Afya ya Mifugo, LIRI, chini ya shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na hapo walipita watu kama John Enyaru, Enock Matovu na Martin Odiit. Enyaru na Matovu walishirikiana na maabara za Uswisi kuchunguza kwa nini dawa ya melarsoproli, iliyotengenezwa kwa aseniki na ambayo yenyewe huua baadhi ya wagonjwa, ilikuwa inashindwa. Makala yao ya mwaka 2001 ilihusisha kurudi kwa ugonjwa na mabadiliko katika jeni moja ya kimelea. Odiit na wenzake walikadiria mwaka 2005 kwamba kwa kila kifo kimoja cha malale kinachoripotiwa mashariki mwa Uganda, vifo 12 havionekani katika takwimu. Enyaru na Matovu wote wawili waliishia Makerere. Sioni kosa katika hilo. Mtu mwenye uzamivu anahitaji wanafunzi, vifaa na umeme usiokatika. Lakini ndiyo njia ilivyokuwa: sampuli kutoka Tororo, shahada au vipimo kutoka Ulaya, uprofesa Kampala. Siku hizi hata makao ya taasisi yenyewe ya mifugo yako upande wa Kampala.

Tangu miaka ya 2000 Tororo imekuwa maarufu kwa malaria na UKIMWI, na maabara nyingi si za Jumuiya wala za serikali peke yake. Ni za mradi. Kuanzia 2003 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, pamoja na shirika la TASO, kilipeleka dawa za UKIMWI hadi majumbani vijijini Tororo. Wafanyakazi ambao hawakuwa madaktari walipanda pikipiki kila wiki, wakamtembelea mgonjwa, wakauliza maswali na kuacha vidonge. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha vifo vikipungua sana, hata kwa watoto wa wagonjwa ambao wenyewe hawakuwa na virusi. Mwandishi wa kwanza, Jonathan Mermin, alikuja kuongoza idara ya kuzuia UKIMWI ya CDC nchini Marekani. Waendesha pikipiki walikuja kuwa nini? Ukitafuta katika makala, utakuta kazi yao imeelezwa kwa ufasaha, na wao wenyewe wamefungwa katika neno moja la wingi.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba hakuna kilichobadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na P. E. Okello na wenzake ulikadiria kwamba mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye malaria mara 562 kwa mwaka. Takwimu hiyo iliufanya mji huu mdogo kuwa mahali pa lazima kwa mtafiti yeyote wa malaria, na mshirika mkuu wa Wamarekani waliokuja alikuwa Moses Kamya wa Makerere, si msaidizi wao. Mwaka 2016 jarida kubwa la tiba la New England lilichapisha jaribio lililofanywa Tororo kwa wajawazito 300 juu ya dawa mpya ya kuzuia malaria. Waliopewa dawa hiyo kila mwezi walipata malaria ya kondo la nyuma kwa asilimia 27, wakati waliopewa dawa ya zamani walikuwa asilimia 50. Mwandishi wa kwanza ni Abel Kakuru, Mganda. Mlango uliofunguka mwaka 1966 kwa Onyango haukufungwa moja kwa moja.

Upande wa Busia, Kenya, mfano mashuhuri unatoka kwa watu ambao hata si wa tiba. Kuanzia 1998 shule za msingi 75 za Funyula na Budalangi ziliingizwa katika jaribio la kutoa tembe za minyoo, chini ya shirika moja la Kiholanzi na ofisi ya afya ya wilaya. Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004, na mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu walioshinda Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Mimi nimemeza tembe hizo nikiwa shule ya msingi, baada ya serikali kuuchukua mpango; sikujua kwamba ndani ya kidonge kuna kazi ya mtu. Vijana wa Busia waliohoji wazazi na kuhesabu wanafunzi katika majaribio ya namna hiyo huajiriwa kwa miezi, mradi ukiisha wanangoja mwingine. Wengine wamefanya hivyo miaka kumi na zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huyu anapona kwa mkataba wa miezi sita. Siku hizi nikifungua makala yoyote ya utafiti wa ukanda wetu, naanza na sehemu ya shukrani, mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo. Ndipo majina ya kwetu yanapopatikana kwa wingi.

Mwaka 2020 taasisi hizi zilikutana tena bila kupanga. Korona ilipofika, madereva wa malori walikwama Malaba na Busia katika foleni za kilomita nyingi, wakilala chini ya magari yao wakingoja majibu. Sampuli za upande wa Kenya zilipimwa katika maabara ya KEMRI Alupe, kituo kilekile kilichoanza kwa ukoma. Za upande wa Uganda, mwanzoni, zilisafirishwa hadi taasisi ya virusi ya Entebbe, ambamo Lumsden aliwahi kufanya kazi kabla ya kuhamia Sukulu. Hadi 1977 Alupe na Entebbe zilikuwa chini ya bajeti moja. Sasa dereva aliyepimwa upande mmoja wa daraja aliweza kutakiwa kupimwa upya upande wa pili, na foleni ikaongezeka nyuma yake.